Watoto wa miaka 5 hadi 14 kundi moja: mchezo ukiisha, na somo la tabia linaisha. Tunakosea wapi?

#1 MleziBombo
Wakuu, habari zenu. Tuna programu ya likizo hapa Bombo, Uganda: watoto 26 wa miaka 5 hadi 14, walezi watatu, kila Jumamosi saa mbili asubuhi hadi saa sita. Kila wiki tunashika fadhila moja. Ya kwanza uaminifu, ya pili subira, ya tatu kugawana.

Michezo wanaipenda. Lakini Jumamosi ya kugawana, mchezo wa kupeana kete ulikwisha saa nne na nusu, mandazi yakaletwa saa tano kasoro robo. Wakubwa wakabeba mawilimawili, wadogo wanne wakanywa chai bila kitafunwa. Robo saa tu!

Kwa nini somo linaishia kwenye mchezo? Na shughuli gani zinafaa pale mtoto wa miaka 5 na wa 14 wanapokuwa pamoja? Naomba hatua na vipimo. Mawaidha tunayo ya kutosha.

#2 MwlTororo
Salaam Bombo. Mimi naona kosa liko kwenye kugawa makundi. Ukiacha watoto wachaguane, marafiki wa rika moja wanashikana na wadogo wanabaki rundo moja. Kundi la kufundishia tabia liwe la watoto 6 hadi 8 na ndani yake rika zote ziwepo. Maskauti wanafanya hivyo tangu kambi ya kwanza ya Baden-Powell kisiwani Brownsea mwaka 1907: wavulana kama 20, makundi manne, mkubwa na wadogo pamoja. Walioona kambi za maskauti hapa Kaazi wanaujua mpangilio huo.

Kwa watoto 26 fanya hivi. Wapange mstari mmoja kwa umri. Usiwapange kwa urefu, maana wapo wa miaka 10 wanaowapita wa 12. Kisha hesabu kwenda na kurudi: 1-2-3-4, halafu 4-3-2-1, hadi mwisho. Utapata makundi ya 7, 7, 6 na 6. Ukihesabu 1-2-3-4 peke yake bila kurudi, kundi la kwanza linapata mkubwa zaidi kila mzunguko. Ndugu wa tumbo moja wakiangukia pamoja, mbadilishe mmoja na jirani yake wa umri. Ndugu wana ugomvi wao wa nyumbani, na kundi zima litaishi ndani yake.

#3 DadaKasese
Mwalimu Tororo, mgawanyo mzuri, lakini hautamletea mtoto andazi. Mleta uzi, mandazi yalikuwa mangapi, na yaliletwa kwenye chombo gani?

#4 MleziBombo
Mandazi 30, sinia moja, mezani karibu na mlango.

#5 DadaKasese
Basi hapo hukupima kugawana, ulipima mbio. Sinia moja, watoto 26, hakuna aliyesema kila mtu ana ngapi. Mtoto wa miaka 14 anafika kwa hatua nne, wa miaka 5 kwa kumi. Weka sahani moja kwa kila kundi, idadi iwe ya kundi, na kuwe na kanuni moja: anayegawa anachukua wa mwisho.

Anza na chapati. Kila kundi la 6 lipewe chapati 2 na kisu butu. Mkataji wa leo ndiye wa mwisho kuchagua. Kukata vipande vinne ni rahisi, nusu kisha nusu tena. Vitatu ndipo akili inapofanya kazi, na chapati 2 kwa watoto 6 ni vipande vitatu kila moja. Mwangalie wa miaka 8 akiwa na kisu: anachora kwanza kwa ncha bila kukata, anageuza sahani, anapima kwa kidole, anafuta mchoro, anachora tena. Hiyo dakika moja ya kugeuza sahani ina somo kuliko hotuba yako yote ya asubuhi. Usimsaidie. Akikosea, kipande kidogo ni chake, na Jumamosi ijayo atapima mara tatu.

Panapoharibika: walezi humpa kisu mkubwa kila wiki kwa kuogopa mdogo atajikata. Mkubwa anakuwa hakimu wa kudumu na mdogo mpokeaji wa kudumu. Zungusha. Wa miaka 5 na 6 wape ndizi ndogo au muhogo uliochemshwa, unakatika hata kwa kijiko.

#6 KaptenJinja
Naongeza upande wa umri. Utafiti wa watoto wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta wa miaka 3 na 4 wengi wanajipendelea, na wa miaka 7 na 8 wengi wanataka mgawo sawa. Kwa hiyo kwenye kundi lako, wa miaka 5 na wa miaka 9 wanaposikia neno "gawana" hawasikii kitu kimoja. Wa 9 anasikia "sawa kwa sawa". Wa 13 ameanza kuuliza nani amefanya kazi zaidi, nani hajala tangu asubuhi. Ukiwapa wote somo moja, lazima mmoja asielewe na mwingine achoke.

Suluhisho si kuwatenganisha. Shughuli iwe moja, swali la mwisho liwe tofauti. Mdogo muulize: "Kila mtu amepata?" Wa kati: "Vipande ni sawa?" Mkubwa: "Sawa na haki ni kitu kimoja?"

#7 BintiArua
MleziBombo, je, mnatoa zawadi? Nyota, pipi, alama za kundi bora?

#8 MleziBombo
Ndiyo. Nyota za karatasi ukutani, na kundi lenye nyota nyingi linapata soda mwisho wa mwezi.

#9 BintiArua
Hapo ndipo ninaposhika mimi. Mwaka 2008 watafiti Warneken na Tomasello waliwajaribu watoto wa miezi 20. Waliopewa kitu kila waliposaidia, baadaye walipungua kusaidia kuliko waliosifiwa kwa maneno au walioachwa tu. Na kuna ule wa kuchora wa mwaka 1973: watoto waliopenda kuchora waliahidiwa cheti, wakapewa, na baadaye walipoachwa huru wakachora kidogo kuliko wenzao.

Mchezo wako una nyota, mandazi hayana nyota. Mtoto ameona mahali pa kugawana ni pale nyota ilipo. Ondoa nyota. Badala yake, kabla ya kufunga, kila kundi litaje kitendo kimoja walichokiona kwa mwenzao: nani, alifanya nini, saa ngapi. "Alikuwa mzuri" haikubaliki. "Alimfungia Amina kamba ya kiatu wakati sisi tunakimbia" ndiyo inayokubaliwa.

#10 MwlTororo
Binti Arua, sahihisho dogo kwa huo wa 1973. Walioathirika ni walioahidiwa cheti kabla ya kuchora. Waliopewa ghafla baada ya kuchora, bila ahadi, hawakupungua. Kwa hiyo tatizo ni ahadi, zawadi yenyewe si sumu. Soda isiyotangazwa, mara moja kwa likizo, kwa wote 26, haiharibu kitu.

#11 BintiArua
Sahihi, nimekosea kuacha hilo. Bado nyota ukutani ni ahadi ya kila siku, hizo ziondoke.

#12 MchezajiBao
Hakuna aliyetaja omweso, bao la Uganda, hadi post ya 12 na tuko Uganda, jamani. Kwa subira na kujizuia sijaona kitu kinachoushinda kwa kundi mchanganyiko. Mashimo 32, safu nne za nane, kete 48. Wacheze wawili kwa wawili: kila upande mkubwa mmoja na mdogo mmoja.

Kanuni za jozi:
– Mikono ni ya mdogo. Mkubwa hagusi kete.
– Mkubwa haruhusiwi kusema "cheza hapa". Anaruhusiwa kuuliza tu: "Ukianzia hapo, kete ya mwisho itaangukia wapi?"
– Mdogo akicheza vibaya, mkubwa hasikitiki kwa sauti. Akiguna, zamu inayofuata anakaa kimya kabisa.

Kanuni ya tatu ndiyo ngumu. Tazama vidole vya mtoto wa miaka 13 anapomwona wa miaka 7 akichota shimo baya: vinakunjana, vinafunguka, vinarudi mapajani. Pale anajizuia kwelikweli, na hakuna aliyemwambia leo ni wiki ya kujizuia.

Kama hakuna ubao, chimba mashimo ardhini, upana wa kikombe cha chai, kina cha vidole viwili. Kete ziwe za ukubwa mmoja, maana mdogo hubeba kokoto kubwa akidhani zina thamani zaidi.

#13 ShikamooMzee
Mzee wa bao, kete ni 64, si 48. Kila mchezaji 32: mashimo manane ya safu iliyo karibu naye, nne nne. Hizo 48 ni za ule ubao wa mashimo 12. Naona mikono ilitangulia akili, ungekuwa na mkubwa wa kukuuliza swali.

#14 MchezajiBao
64, kweli. Ahsante. Na kwa wanaotoka pwani: bao lenu nalo ni kete 64, ila nyinyi mna nyumba (lile shimo maalumu), omweso hauna. Watoto wakichanganya kanuni hizo mbili, mchezo unageuka kesi. Chagueni moja kabla ya kuanza.

#15 NakivaleC
Hakuna aliyegusa mashindano. Makundi manne yanayoshindana kila wiki yanajenga upendo ndani na ubaya nje. Mwanasaikolojia Sherif alilionyesha mwaka 1954 kwa wavulana 22 wa miaka 11 na 12 kambini huko Oklahoma. Mashindano yaliwagombanisha makundi mawili. Kuwakutanisha kwenye chakula hakukusaidia. Kilichosaidia ni kazi ambayo kundi moja haliwezi peke yake, na mojawapo ilikuwa maji ya kambi yaliyokatika.

Huku kwetu, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, watoto wanatoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, lugha hazilingani, kwa hiyo shughuli isiyohitaji maneno ndiyo inayofaa. Hii ya jerikani mnaweza kuifanya Bombo:

Mistari miwili ya watoto 13, kila mmoja na kikombe cha plastiki cha mililita 250. Ndoo mwanzo wa kila mstari. Mwisho wa mistari yote miwili jerikani moja ya lita 20, ile ya njano, mdomoni faneli ya chupa iliyokatwa. Maji yanahama kikombe hadi kikombe. Hesabu kavu ni vikombe 80, lakini kwa yanayomwagika panga 100 na zaidi. Weka alama za mkaa kwenye lita 5, 10 na 15, na elekeza jerikani kwenye jua, maji yaonekane yakipanda ndani. Watoto hawaondoi macho pale.

Raundi ya kwanza wakubwa wanajaza hadi ukingoni, wadogo wanamwaga, kelele. Usiseme kitu. Kwenye raundi ya pili mmoja ataona kwamba kikombe cha robo tatu kinafika na kilichojaa hakifiki. Mkubwa anajifunza kupunguza ili mdogo aweze. Wapange mkubwa, mdogo, mkubwa, mdogo. Ukiwaweka wadogo wote katikati, maji yanaishia hapo.

#16 DadaKasese
Na maji yanayomwagika? Sehemu nyingine jerikani inanunuliwa. Mzazi akikuta umeloweka uwanja hutamwona mtoto wake tena.

#17 NakivaleC
Panga mistari ipite juu ya tuta la mboga. Msimu wa ukame tumia mchanga mkavu uliochekechwa, unamwagika kama maji na unazoleka. Punje za mahindi zinaruka sana.

Uzito pia: jerikani ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Isibebwe na mtoto. Igawe kwenye vijerikani vya lita 3 na 5.

#18 KaptenJinja
Kwa uaminifu, kwepena. Warushaji wawili umbali wa mita 10, wengine katikati wanakwepa. Mpira wa kaveera (mifuko ya plastiki) zilizosokotwa na kufungwa kwa nyuzi za mgomba, ukubwa wa chungwa, upige chini ya kiuno. Mlezi asiwe refa. Mpira unaopita ukigusa pindo la sketi anajua mwenye sketi tu. Anasema "umenigusa", anatoka.

Sasa kwa nini watoto wanadanganya kwenye kwepena? Kwa sababu ukweli ni ghali. Wa miaka 6 akitoka mapema anakaa chini robo saa nzima akitazama. Basi wiki mbili za kwanza aliyeguswa asikae, abadilishane na mrushaji. Ukweli unakuwa rahisi, wanauzoea. Wiki ya tatu rudisha kanuni ya kutoka kabisa, uone nani anasema ukweli ukiwa na bei. Kuanza na bei kubwa siku ya kwanza ni kuwafundisha kukana.

#19 TaaYaMbale
Nawasoma nyote na sikubaliani na msingi. Watafiti Hartshorne na May, Marekani, 1928 hadi 1930, waliwapima maelfu ya watoto: mtihani, michezo, fedha. Walichokuta ni kwamba mtoto mkweli mahali pamoja alidanganya mahali pengine, na uhusiano kati ya hali moja na nyingine ulikuwa mdogo. Ukweli wa kwepena unabaki kwepena. Subira ya omweso inabaki kwenye omweso. Swali la mleta uzi lina jibu gumu: tabia haihami yenyewe.

Kwa hiyo ukitaka watoto wagawane mandazi, fanyia mazoezi kwenye mandazi. Ukitaka wapange foleni bombani, somo liwe bombani. Chai yenyewe iwe ndiyo kipindi, dakika 30, na mchezo uwe wa kuchangamsha tu.

#20 MchezajiBao
Mbale, matokeo hayo yalijadiliwa sana. Ukijumlisha majaribio mengi ya mtoto mmoja badala ya kulinganisha moja kwa moja, mwelekeo wake unaonekana. Mara moja haitoshi, mara arobaini zinatosha. Wenye programu ya Jumamosi nne ndio hawana hizo arobaini.

#21 TaaYaMbale
Tunarudi palepale: Jumamosi nne zitumike kwenye jambo moja, si fadhila nne.

#22 GogoWaHadithi
Na hadithi? Mmezisahau. Wakayima kwa Waganda, Sungura kwetu, wang'oo (kikao cha hadithi) wa Waacholi jioni motoni. Rika zote zinakaa pamoja bila kugawanywa. Anza na kitendawili, "tega", au "kkoyi kkoyi" wajibu "lya", utulivu unakuja wenyewe.

Ila angalizo: Sungura anashinda kwa uongo! Ukimaliza ukauliza "tumejifunza nini", wa miaka 6 anajibu "tumdanganye Fisi". Simulia, kisha rudia hadithi ileile upande wa Fisi. Wakubwa wapewe kazi ya kuwa Fisi na kueleza shida yake.

Kuna utafiti wa mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 3 hadi 7: hadithi ambamo mwongo anaadhibiwa hazikuongeza ukweli. Iliyoongeza ni ile ambamo mtoto alikiri akapongezwa kwa kukiri. Nusu ya hadithi zetu za watoto zinaishia kwenye kipigo, na hapo panahitaji kushonwa upya.

#23 ShikamooMzee
Mama, Fisi akipata wakili, hadithi itaisha saa ngapi? Lakini hoja ya kipigo naiunga mkono. Sheria ya Watoto iliyorekebishwa 2016 imekataza viboko shuleni. Haifai hadithi yetu ibaki inavisifia.

#24 BintiArua
Kuhusu subira, lile jaribio la pipi moja sasa au mbili baadaye mnalijua. Lakini mwaka 2013 walilirudia kwa namna nyingine. Kwanza mtu mzima aliwaahidi watoto rangi nzuri za kuchorea. Nusu alirudi nazo, nusu alirudi mikono mitupu na kuomba radhi. Kisha pipi. Walioona ahadi ikitimia walisubiri wastani wa dakika 12. Walioona imevunjwa, dakika 3.

Mleta uzi, programu inaanza saa mbili kweli? Mandazi yakitangazwa kwa wote, hufika kwa wote? Mtoto anayebeba mawili huenda ana hesabu nzuri kuhusu sinia lililopita.

#25 MleziBombo
Tunaanza saa mbili na nusu, mara nyingine saa tatu. Na Jumamosi ya pili mandazi hayakutosha. Hilo sikuliunganisha kabisa. Ahsanteni.

#26 DadaKasese
Aa! Hilo ndilo, kuliko chapati zangu.

#27 TaaYaMbale
Linaweza kuwa hilo, na bado mkubwa aliyeshiba nyumbani naye alibeba mawili. Msilifunge mapema.

#28 NakivaleC
Kwa uwajibikaji wa wiki nne, dodo, yaani mchicha. Linachipua siku 4 hadi 7 na linavunwa kuanzia wiki ya nne, linaingia ndani ya likizo. Kila kundi tuta la mita 1 kwa 3, mistari sentimita 20, kina nusu sentimita. Mbegu ni ndogo mno: changanya kijiko kimoja cha chai na vijiko 10 vya mchanga mkavu, la sivyo mtoto anamwaga zote mahali pamoja.

Panapoharibika ni kumwagilia. Watoto 7 wenye upendo, makopo 7, miche inaoza shingoni siku ya kumi. Kopo liwe moja kwa kundi, lenye matundu, na zamu iandikwe. Kabla ya kumwagilia chomeka kidole hadi pingili ya kwanza; pakiwa na unyevu, zamu ya leo ni kuacha. Mdogo analia kwa zamu iliyopita bila maji. Mwache anung'unike, lakini mpe kung'oa magugu.

#29 MleziBombo
Nachukua sahani za makundi, jerikani na dodo, na nyota nazitoa. Swali la mwisho: wale watatu wa miaka 14 wanasema programu ni ya kitoto.

#30 MwlTororo
Waite Ijumaa jioni, saa moja tu. Wapime mistari, wahesabu vikombe, wakate faneli, wafunge mipira. Kazi ya kweli. Usiwape filimbi wala fimbo ya kunyooshea, ukiwafanya askari wa wenzao umewapoteza wote.

#31 KaptenJinja
Na mipira wafunge Ijumaa hiyohiyo. Nyuzi za mgomba mbichi zinanywea zikikauka, mpira unalegea na kufumuka raundi ya tatu. Bandua gamba lililokauka kwenye shina lenyewe, lilowanishe dakika chache lisikatike, funga kwa kukatisha pande zote, kisha acha kivulini usiku mzima. Kaveera nne au tano ndani zinatosha. Ukizidisha, mpira unakuwa mgumu na wadogo wataogopa kusimama katikati.

#32 DadaKasese
Kapten, mipira mingapi kwa watoto 26?

#33 KaptenJinja
Mitatu. Mmoja unachezwa, mmoja wa akiba, na mmoja laini zaidi wa kuwarushia wa miaka 5 na 6.